Mazoezi, usingizi na msongo wa mawazo: Mtihani usioandikwa wa mwanafunzi wa chuo kikuu

KIJANA anayetoka Kidabaga, Ukumbi au Boma la Ng'ombe wilayani Kilolo kwenda kuanza masomo ya chuo kikuu mjini Iringa hubeba begi, godoro na barua ya udahili. Kitu kimoja hukiacha nyumbani bila kujua, nacho ni mwendo wa miguu.

Wilaya ya Kilolo, iliyomegwa kutoka Iringa Vijijini mwaka 2002, imekaa kwenye mabega ya Milima ya Udzungwa. Upande wa Ruaha Mbuyuni na Mahenge, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, ni bonde lenye joto. Ukishapanda Mlima Kitonga hufika Ilula, kwenye nyanya na vitunguu, na ukiendelea juu zaidi hukutana na baridi, ukungu, mashamba ya viazi na njegere, na misitu ya mbao.

Katika ukanda huo wa juu, kwenda shuleni, kuteka maji, kusenya kuni na kufika shambani ni kupanda na kushuka. Hakuna anayeiita kazi hiyo mazoezi ya viungo. Hata hivyo, kwa hesabu za wataalamu wa afya, kijana wa namna hiyo hufanya katika siku mbili au tatu kile ambacho mkazi wa mjini hushauriwa kukikamilisha kwa wiki nzima.

Anapoingia chuoni, siku yake hugeuka kuwa siku ya kukaa. Hukaa katika ukumbi wa mihadhara, hukaa maktaba, hukaa kitandani na simu, na umbali uliobaki humalizwa na bodaboda au daladala. Katika wiki hizohizo huanza kukesha, na katika wiki hizohizo huanza kuhesabu fedha zisizotosha.

Mambo hayo matatu, yaani mwili kuacha kufanya kazi, usingizi kuharibika na mawazo kuzidi, huonekana kama matatizo matatu tofauti. Sayansi ya miaka ya karibuni inaonyesha kuwa yamefungwa kwa kamba moja, na kwamba ukivuta ncha yoyote, nyingine husogea.

Kwa mkoa wa Iringa jambo hili si dogo. Mji huo una Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho kilianza miaka ya 1990 chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Una Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na una Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha. Jirani, Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichopandishwa hadhi hiyo mwaka 2012, pamoja na vingine. Nyanda za Juu Kusini zimekuwa ukanda wa wanafunzi, na wengi wao ni wa kwanza katika familia zao kukanyaga chuo kikuu.

Msongo wa mawazo ni nini hasa

Mwaka 1936 daktari Hans Selye, akifanya kazi nchini Canada, alichapisha andiko fupi katika jarida la Nature akieleza kuwa mwili hujibu madhara ya aina nyingi kwa namna ileile moja. Andiko hilo ndilo lililofungua mlango wa elimu ya msongo kama inavyofahamika leo.

Kwa maelezo mepesi, ubongo unapohisi hatari huamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni. Adrenalini huja kwanza, moyo ukapiga mbio na misuli ikapata damu zaidi. Kotisoli hufuata na kuufanya mwili ubaki macho, ukiwa na sukari ya kutosha kwenye damu. Mpango huo uliumbwa kwa ajili ya kukimbia au kupambana, na ulikusudiwa kuisha baada ya dakika chache.

Mwanafunzi hana wa kumkimbia. Hatari yake ni matokeo ya muhula uliopita, mtihani wa marudio ambao vyuoni huitwa 'sapu', hofu ya kufukuzwa masomo ambayo huitwa 'kudisko', kodi ya chumba, na simu kutoka nyumbani ikimkumbusha kuwa wadogo zake nao wanasoma. Homoni humwagwa vilevile, lakini mwili umekaa kwenye kiti.

Juu ya hayo kuna suala la fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hutoa fedha za chakula na malazi ambazo wanafunzi wote wa nchi hii huziita 'boom'. Mwaka 2022 kiwango cha siku kilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000. Yeyote aliyewahi kuishi karibu na chuo anajua jinsi siku za kuisubiri boom zinavyobadilisha sura za watu, na ni haki kusema mapema kuwa mazoezi hayalipi kodi ya chumba. Yanachoweza kufanya ni kumfanya anayedaiwa alale.

Kupiga msuli

Kwa miaka mingi wanafunzi nchini wameita kujisomea usiku kucha 'kupiga msuli'. Ni jina la ajabu kidogo, kwa kuwa katika kazi hiyo misuli ndiyo inayokaa bure.

Imani iliyo nyuma ya msuli ni kwamba saa za usingizi ni akiba ambayo mtu anaweza kuikopa wakati wa mitihani na kuilipa wakati wa likizo. Imani hiyo imepimwa.

Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, profesa mmoja, Jeffrey Grossman, alitaka kujua iwapo wanafunzi wanaofanya mazoezi hupata alama za juu zaidi. Yeye na wenzake waliwapa wanafunzi 100 wa somo la kemia vifaa vya kuvaa mkononi vinavyopima mwendo na usingizi, na 88 kati yao walikamilisha muhula mzima.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliwashangaza. Uhusiano kati ya mazoezi na alama haukuonekana. Kilichoonekana ni usingizi: muda wa kulala, ubora wake na uthabiti wa ratiba yake, kwa pamoja, viliambatana na karibu robo ya tofauti ya alama kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine.

Jambo lililo muhimu zaidi kwa mpiga msuli lilikuwa hili: kulala vizuri usiku wa kuamkia mtihani hakukuhusiana na alama za mtihani huo. Kilichohesabika ni usingizi wa wiki na mwezi uliotangulia, wakati masomo yenyewe yalipokuwa yakifundishwa. Aidha, wale waliozoea kulala baada ya saa 8 usiku walifanya vibaya zaidi, hata pale jumla ya saa zao za kulala ilipolingana na ya wenzao.

Utafiti wa wanafunzi 88 wa chuo kimoja tajiri hauwezi kufanywa sheria kwa dunia nzima, lakini unakubaliana na kile kinachojulikana kuhusu ubongo. Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Ndani yake kuna usingizi mzito, ambao hutawala sehemu ya kwanza ya usiku, na usingizi wa ndoto, ambao huongezeka kuelekea alfajiri. Katika hatua hizo ubongo hupanga na kukaza yale uliyojifunza mchana. Anayesoma hadi alfajiri anaingiza vitu stoo na kumfukuza mtunza stoo.

Hali ya vyuo vya Afrika Mashariki haitofautiani sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wanafunzi wapatao 2,500 wa vyuo vikuu vya Gondar na Haramaya nchini Ethiopia ulikuta kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa na usingizi mbovu. Waliokuwa na msongo mkubwa na dalili za sonona ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kuwa na usingizi huo.

Kipimo kilichotumika huko ni kile cha Pittsburgh, kilichotolewa mwaka 1989, chenye maswali 19 kuhusu mwezi mmoja uliopita. Huuliza mtu huchukua muda gani kushikwa na usingizi, hushtuka mara ngapi, hutumia dawa au la, na husinzia mchana kiasi gani. Alama huanzia 0 hadi 21, na anayezidi 5 huhesabiwa kuwa halali vizuri. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kukaa kitandani saa nane na bado akahesabiwa kuwa hakulala.

Wahadzabe waliwafunza nini watafiti

Wapo wanaodai kuwa tatizo lote ni umeme na simu, na kwamba wazee wetu walilala tangu jua kuzama hadi kuchomoza. Jibu la hoja hiyo lilipatikana kwa sehemu hapahapa Tanzania.

Mwaka 2015 kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya kupima usingizi wa jamii tatu zinazoishi bila umeme: Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia. Ilibainika kuwa watu hao walilala wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na kwamba hawakulala jua linapozama, bali baada ya saa tatu na zaidi.

Hata hivyo, tatizo sugu la kukosa usingizi lilikuwa nadra kwao. Walilala kwa ratiba isiyoyumba, waliamka karibu wakati uleule kila siku, na usingizi wao ulifuata kushuka kwa joto la usiku. Utafiti mwingine, wa mwaka 2017, ulionyesha kuwa Wahadzabe hutumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika mwendo wa kutosha kuharakisha moyo.

Kwa hiyo, tofauti kati ya Mhadzabe na mwanafunzi wa hosteli si wingi wa saa pekee. Ipo katika mpangilio wa saa hizo na katika uchovu halali wa mwili unaozitangulia. Mzee wa Kilolo anayerudi kutoka shambani jioni analijua hilo bila kupimwa na kifaa chochote.

Mazoezi hufanyaje kazi

Tangu mtu anapoamka, kemikali iitwayo adenosini huongezeka katika ubongo na kujenga uzito wa usingizi. Mwili unaofanya kazi huujenga uzito huo vizuri zaidi. Vilevile mazoezi hupandisha joto la mwili, nalo linaposhuka saa chache baadaye hufungua njia ya usingizi.

Kwa upande wa msongo, mazoezi ni jaribio dogo la hatari. Moyo hukimbia, kotisoli hupanda, kisha yote hutulia. Anayerudia jaribio hilo mara kwa mara huufunza mwili wake kutulia haraka, na tafiti nyingi zimeonyesha kuwa wasiwasi na dalili za sonona hupungua kwa wanaofanya mazoezi kwa utaratibu. Mwili unaotulia jioni hulala, kwa kuwa kotisoli kwa kawaida hutakiwa kuwa chini kabisa kuelekea usiku wa manane. Asiyelala, kinyume chake, huamka na kotisoli ambayo haishuki ipasavyo jioni inayofuata, na duara huanza upya.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150, na kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo mtu anaweza kuzungumza akiyafanya lakini hawezi kuimba. Kwa mji wenye vilima kama Iringa, kutembea kwa haraka kutoka Kihesa hadi katikati ya mji mara chache kwa wiki hukaribia kiwango hicho.

Suala la muda wa kufanya mazoezi limekuwa na maneno mengi. Uchambuzi wa tafiti 23 umeonyesha kuwa mazoezi ya jioni hayaharibu usingizi wa watu wengi. Yanayoweza kuuharibu ni yale mazito yanayomalizika ndani ya saa moja kabla ya kulala. Mpira wa jioni uliokwisha saa 12 na nusu hauna neno.

Vijana wengi wa Tanzania wanaujua utaratibu huu tayari. Tangu mwaka 2013, serikali iliporejesha mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa wahitimu wa kidato cha sita baada ya kusitishwa mwaka 1994, maelfu hupitia makambi kama la Mafinga kabla ya kwenda chuo. Huko huamshwa alfajiri kwa mchakamchaka, na usiku hulala kama magogo. Miezi michache baadaye, mtu huyohuyo yuko hosteli, hakimbii, na saa 9 usiku anatazama dari. Amri ya afande ilipokoma, hakuna ratiba nyingine iliyochukua nafasi yake.

Si kila mwanafunzi ana nafasi sawa. Viwanja ni vichache, na ligi za vyuo huwachezesha wenye vipaji huku mamia wakibaki watazamaji. Kwa wasichana, kukimbia alfajiri au baada ya giza kuingia ni hatari, na katika nchi iliyo karibu na ikweta giza huingia mapema mwaka mzima. Kwao, ushauri wa 'amka saa 11 ukimbie' ni ushauri wa mtu asiyejua barabara wanazopita. Netiboli ya mchana, kuruka kamba uani, kupanda ngazi na kutembea kwa makundi kwenda kwenye mihadhara hufaa zaidi, na vyuo vinavyopanga vipindi hadi saa mbili usiku vingepaswa kulitazama hilo.

Baridi, ulanzi na kahawa

Mitihani ya mwisho wa mwaka kwa kawaida huangukia karibu na Juni na Julai, wakati baridi ya Nyanda za Juu iko kileleni. Chumba chenye ubaridi kiasi husaidia usingizi, lakini miguu iliyoganda huuchelewesha. Watafiti wa Uswisi walionyesha mwaka 1999 kuwa miguu yenye joto huharakisha kushikwa na usingizi, kwa sababu mishipa ya damu ikifunguka miguuni joto la ndani ya mwili hupata pa kutokea. Soksi ni dawa ya bei nafuu.

Jiko la mkaa chumbani si dawa. Katika chumba kilichofungwa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayomlaza mtu usingizi asioamka. Kila msimu wa baridi onyo hili hurudiwa, na bado lipo la kurudiwa.

Ulanzi, pombe ya mianzi ambayo Kilolo na Iringa nzima inajivunia, una hila yake. Pombe yoyote humfanya mtu asinzie haraka, lakini inapovunjwavunjwa mwilini hukatakata sehemu ya pili ya usiku na kupunguza usingizi wa ndoto. Anayekunywa ili asahau somo lililomshinda hulisahau na lile lililomwelea.

Kahawa, chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu hufanya kazi kwa kuiziba adenosini isisikike, haviiondoi. Kwa wastani nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Aliyekunywa kikombe saa 3 usiku, saa 8 usiku bado ana nusu kikombe kichwani. Mwanga wa simu nao huchelewesha melatonini, homoni inayoutangazia mwili kuwa usiku umefika.

Wakati wa kutafuta msaada

Yapo mawazo ambayo mchakamchaka hauyaondoi. Mwanafunzi anayekosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, aliyepoteza hamu ya chakula na ya watu, anayelia bila sababu au anayewaza kujidhuru, anahitaji kuonana na mtaalamu, na kwa hilo la mwisho ni siku hiyohiyo. Pa kuanzia ni ofisi ya mlezi wa wanafunzi au mshauri nasaha wa chuo, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa matatizo makubwa zaidi ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe mjini Dodoma.

Kununua vidonge vya usingizi katika duka la dawa bila cheti cha daktari ni njia ambayo wengi huipitia na wachache huiacha kwa urahisi. Kwa kukosa usingizi sugu, matibabu ya kwanza yanayopendekezwa na madaktari duniani si vidonge, bali ni mpangilio wa tabia: kuamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, kutotumia kitanda kama meza ya kusomea, na kuondoka kitandani pale usingizi unapokataa hadi urudi wenyewe.

Kwa aliyekwisha kuacha mwendo kabisa, madaktari hushauri aanze na dakika kumi kwa siku na kuongeza taratibu. Wanaorudi Kilolo likizo na kushika jembe siku ya kwanza wanaifahamu sababu: jioni hiyo mgongo na mapaja huuma, viganja huota malengelenge, na saa 3 usiku, kabla chai haijapoa, mtu amekwisha lala.